Matairi Manne na Spea

Jumatatu, 3 Machi

Mkwe amepiga simu. Nilikuwa chini ya gari, grisi hadi viwikoni, nikaipokea kwa kidole kidogo na kuibana kwa bega. Shikamoo yake ni ya mtu anayesahihisha madaftari. Nikaitikia marahaba. Huyu hapigi ovyo. Tangu amuoe binti yangu, miaka miwili sasa, amenipigia mara tatu, na zote tatu hatukumaliza dakika.

Pampu ya shule yake imekufa. Leo siku ya tisa. Wanafunzi wanateka maji mtoni kwa ndoo, na mto wenyewe si wa kuchezea. Nati, binti yangu huyo, ameshafungua kichwa cha pampu, akaona tatizo liko chini kabisa, kwenye silinda. Kwa hiyo mabomba yote lazima yatoke. Mita arobaini na nane, chuma kitupu! Kule hakuna mwenye winchi wala ile miguu mitatu ya kuvutia mabomba. Mwenye navyo ni mimi.

"Mama, ungeweza kuja na gari?"

Na mimi — laiti mdomo huu ungekuwa na breki — nikasema, "Matairi yamekwisha, baba."

Nilisikia watoto wakipiga kelele nyuma yake. Halafu akasema sawa mama, nimeelewa. Kwa adabu zote. Mwalimu yule, visingizio amevisikia vya kila namna.

Lakini safari hii ni kweli. Yamekwisha kweli!

Akaongeza kwamba Nati hajui kama amenipigia, tafadhali nisimwambie. Nimwambie kwa mdomo upi? Hatujasemezana tangu harusi. Tangu kabla ya harusi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeyapima yote. Njiti ya kiberiti ukiisimamisha kwenye mfereji wa katikati, inazama kichwa tu. La nyuma kushoto waya zimeanza kuchungulia. Spea ina nyufa ubavuni, ukiikunja kidogo unaona ndani. Pikapu kubwa hivi, injini ya kuvuta nyumba, na chini imevaa malapa.

Jirani yangu, nesi mstaafu, alinichungulia juu ya ukuta akauliza kulikoni nimelikumbatia tairi. Nikamwambia nalisikiliza mapigo ya moyo. Akacheka. Nami nikacheka. Kisha akaingia kwake, mlango ukafungwa, nikabaki nimechutama pale pale. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya leo, yote.

Barabara ya kwenda shuleni kwao naijua. Lami saa mbili, kisha changarawe, kisha udongo mwekundu unaonasa kama gundi mvua ikigusa. Kisha mto. Mvua zimebakiza wiki mbili, labda chini ya hapo. Mvua zikianza, mto ule unafunga barabara hadi miezi mitatu.

Kwa hiyo ni sasa au basi.

Alhamisi, 6 Machi

Duka la matairi la mjini. Sakafu inang'aa, matairi yamepangwa ukutani, muuzaji kavaa viatu vya ncha. Alinitazama, akatazama nyuma yangu kama anamtafuta mwenye gari. Nikamwambia mwenye gari ndiye huyu.

Basi akaanza maswali yake. Barabara gani unatembelea zaidi? Nikasema mchanganyiko. Mzigo kiasi gani? Nikasema tani mbili na ushee. Watu wangapi kwa kawaida?

Wawili, nikasema. Sijui kwa nini. Limetoka tu.

Akanionyesha ya lami, laini, mazuri ya kwenda nayo kanisani. Hapana. Akanionyesha ya matope, meno kama ya mamba, akasema haya mama yanapanda ukuta. Nikamuuliza na nikitaka kutembea chini? Hakuelewa utani. Yale ya matope yanavuma kwenye lami hadi unasahau unachofikiri, halafu yanakwisha upesi. (Kusahau ninachofikiri. Labda ningeyachukua!) Ninayoyataka ni ya katikati, ya njia zote: yanavumilia lami, yanashika changarawe, na kwenye matope hayakimbii vita. Na ubavu mgumu, plai kumi, yaani tabaka kumi, maana mawe ya kule yanachana.

Akasema anayo hayo, seti nzima, tena kwa bahati ni ya mwisho. Meusi tiii, yamepakwa mafuta. Nikainama kusoma zile tarakimu nne za ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Wiki ya thelathini na moja, miaka saba iliyopita! Tairi linazeeka hata likikaa dukani kama malkia. Nikamwonyesha. Akasema aa mama, hizo ni namba za kiwandani tu. Nikamwambia nami nina namba za kiwandani, na ndiyo maana magoti yananiuma.

Nikaondoka kichwa juu. Ndani ya gari nikashusha pumzi. Nilitaka kumsimulia mtu. Nilishageuza kichwa kwenye kiti cha pili, mdomo wazi.

Ijumaa, 7 Machi

Hakuna. Nimeuliza maduka mawili kwa simu. Moja hawana saizi, jingine hawapokei. Chai na mkate. Redio.

Jumapili, 9 Machi

Sijaenda popote. Nimefua, nimenoa misumeno, nimefagia stoo iliyofagiliwa jana. Kisha nikakaa. Acha niliandike, kwa vile hakuna atakayelisoma.

Jina la Nati nilimpa mimi. Alikuwa na miaka minne, baba yake ameshajiendea zake, sina pa kumwacha, naenda naye visimani. Kazi yake ilikuwa kushika nati nikifungua mabomba. Anazifumba mkononi, hata umpe pipi hafungui. Hakupoteza hata moja. Alipofika darasa la tano anajua kusoma ubovu wa pampu kwa sauti. Akamaliza shule, watu wakasema mpeleke ofisini. Akasema yeye anabaki na mimi. Miaka minane tukafanya kazi wawili, gari moja, chupa moja ya chai. Sikujua kama ile ilikuwa furaha. Nilidhani ni kazi.

Halafu tukaenda kutengeneza kisima cha shule moja ya mwisho wa dunia, na huko kulikuwa na mwalimu wa hesabu.

Si mtu mbaya. Hilo ndilo lililonitesa! Angekuwa mlevi ningesema. Angekuwa mvivu ningesema. Anapika, anafua, anamsikiliza binti yangu akizungumzia washa za ngozi za pampu kama anasikiliza taarabu. Nilitafuta kasoro nikakosa, nikabaki na hasira isiyo na pa kukaa.

Siku ya harusi sikwenda.

Asubuhi nilishavaa. Nikaingia ndani ya gari, nikakaa nimeshika usukani. Sikuweza. Niliwaza nitarudi na gari hili peke yangu, kiti kile kitupu, safari nzima. Nikampelekea ujumbe. Niliandika: Matairi yamekwisha, siwezi kufika, Mungu awabariki.

Matairi haya haya. Yalikuwa mapya. Yalikuwa na mwezi mmoja tu, na aliyeyafunga ni Nati mwenyewe, kwa mikono yake, nati ishirini na nne mbele na nyuma, mimi namshikia taa.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa ujumbe mmoja. Alijibu neno moja tu: Sawa. Tangu hapo hakuna tena, si kutoka kwake si kutoka kwangu. Yeye ana haki ya kunyamaza. Mimi nilinyamaza kwa aibu, na kadiri siku zilivyokwenda aibu ikaota mizizi, hadi nikawa sijui pa kuanzia.

Sasa mwalimu atamwambia, mama yako kasema matairi yamekwisha. Atafanya nini? Atacheka? Bora acheke.

Jumatatu, 10 Machi

Kwa Kipara. Nilikuwa namkwepa, ndiyo maana nilianzia kwa viatu vya ncha. Kipara ni fundi wa matairi pale karibu na ghala la saruji, amenijua miaka yote, na ana ulimi. Hajamaliza hata kunisalimia akasema, Mama Nati, matairi yako yamenifanania. Kichwa chake kinang'aa kweli. Nikamwambia yeye angalau pembeni ana nywele.

Utani ukaishia hapo. Alipoyavua akayalaza manne chini, akapitisha kiganja juu yake, moja moja, akarudia. Akaniuliza najaza upepo kiasi gani.

"Themanini nyuma. Sitini na tano mbele."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote."

Akanionyesha. Katikati yote yameliwa, laini kama meza. Pembeni, kulia na kushoto, meno yapo, mengine bado yana zile nywele za mpira wa kiwandani. Themanini, akasema, ni upepo wa gari lililobeba. Gari likiwa tupu, upepo huo unavimbisha tairi tumbo, linakanyaga kwa katikati tu.

"Hili halijabeba kitu siku nyingi, Mama Nati. Umebeba nini wewe?"

Sanduku la spana, nikasema. Na mimi.

Ni kweli. Winchi na miguu mitatu vimelala stoo tangu Nati aondoke. Kazi ya kuvuta mabomba ni ya watu wawili, mmoja winchini, mmoja kisimani na kabari. Nimekuwa nafanya kazi za mjini, mota za matangi, koki, vitu vya mkononi. Lakini upepo! Kila Jumatatu tulikuwa tunajaza, Nati anasoma geji anaita themanini, mimi naitikia themanini. Na mimi nimeendelea. Kila Jumatatu, miaka miwili, najisomea mwenyewe na kujiitikia mwenyewe. Haikunijia hata mara moja kwamba hakuna mzigo.

Fundi mimi! Niliyefundisha watu!

Nikalia. Nimeshaandika, basi. Nililia nyuma ya kompresa, Kipara akajifanya anatafuta jeki ambayo ilikuwa miguuni pake.

Baadaye akaniletea chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, akazungumza habari za matairi tu, Mungu ambariki. Alisema machaguo ni mawili. Kama nitaendelea na sanduku la spana, plai kumi ni mateso bure, litanirusha kama mpira, nichukue plai sita nistarehe. Kama nitabeba, nisichukue chini ya kumi. Nisiongeze upana, tairi jembamba linachimba hadi penye ugumu, pana linaelea kwenye tope. Akamaliza kwa kuniuliza.

"Kwa hiyo utabeba, hutabeba?"

Nikamwambia nitamjibu kesho. Swali dogo hivyo!

Jumatano, 12 Machi

Jana nilipita mbele ya kwa Kipara mara mbili bila kusimama. Leo nimesimama. Plai kumi, nimesema. Ya njia zote. Manne na spea. Hakuuliza. Akampigia binamu yake mwenye ghala, akasisitiza yawe ya mwaka huu au mwishoni mwa mwaka jana, na akaniambia Ijumaa.

Nimetoa winchi stoo. Buibui walikuwa wamejenga mji. Waya wake nimeupaka grisi kipande kwa kipande, mikono ikakumbuka yenyewe.

Mkwe ametuma ujumbe. Milimani kumenyesha. Mto umepanda kidogo, bado unapitika. Pampu bado. Hajaniuliza nakuja au siji. Mficha uchi hazai, nikamwandikia: Nasubiri matairi, nitakuja. Kisha nikaona neno matairi limekaa pale kwenye simu, nikaona haya usoni kama mtoto. Nikafuta. Nikaandika: Nitakuja. Nikatuma kabla sijajifikiria.

Hajajibu hadi sasa.

Alhamisi, 13 Machi

Amejibu. "Ahsante mama. Tunakungoja." Tuna. Nimeisoma mara kumi hiyo tuna. Ni yeye na wanafunzi? Yeye na wazee wa shule? Mwalimu wa hesabu, kwa nini hawi mtu wa hesabu kamili!

Ijumaa, 14 Machi

Yamekuja! Wiki ya arobaini na tano, mwaka jana. Nimesoma mwenyewe, ubavu kwa ubavu, Kipara akisema nisome na ya ndani basi. Meno ya katikati yameshikana, ya pembeni yameachana, yanatema mawe. Yananuka upya. Niliweka pua karibu hadi mteja mmoja akanigeukia.

Lakini yamekuja manne. Spea haipo. Binamu amesema Jumatano ijayo.

Basi nikasema nitasubiri Jumatano. Siwezi kwenda njia ile bila spea, nani atanisaidia nikipata pancha msituni, mtu mzima peke yangu? Nilikuwa na sababu zote, nimezipanga vizuri kabisa. Kipara alikuwa anakaza nati. Hakugeuka.

"Mama Nati, unasubiri spea au unasubiri mvua?"

Nilichemka! Nikamwambia afunge matairi na mdomo afunge. Nikamwambia yeye anajua nini, watoto wake sita wote wako mtaa mmoja, wakipiga chafya anawasikia. Nikaendesha hadi nyumbani nikigonga kila shimo.

Yuko sahihi mshenzi yule.

Mvua ikinyesha, mto ukijaa, hakuna wa kunilaumu. Ningesema nilinunua matairi, nilijiandaa, Mungu hakupenda. Na safari hii ningekuwa na risiti.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudi kwa Kipara asubuhi. Nilijiandaa kuomba radhi, akaniwahi. Alikuwa ameshachagua moja kati ya yale ya zamani, lenye nafuu kidogo, ameliziba, amelijaza, ameliweka pembeni na chaki: SPEA. Akasema si zuri lakini litakufikisha kijiji cha jirani. Nikamwambia ahsante mwanangu. Anakaribia umri wangu, akasema ahsante mama.

Jioni ya leo gari limebeba. Winchi, miguu mitatu, kabari, spana za bomba, silinda mpya, washa, kamba. Nimepakia peke yangu kwa kutumia winchi yenyewe kujipandisha. Imenichukua saa tatu na nusu, mgongo unaniuliza tumekosana nini. Nesi alikuja na chai, akashikilia kamba, akaniuliza nakwenda wapi na vyuma vyote hivi. Nikamwambia nakwenda kwa binti yangu. Akasema, una binti? Tumeishi ukuta mmoja mwaka mzima.

Nimejaza upepo. Themanini nyuma. Nimesoma geji, sikuitikia.

Jumapili, 16 Machi

Njiani. Naandikia kwenye usukani.

Nimetoka alfajiri. Kwenye lami matairi yamevuma kidogo, sauti ya chini, si mbaya. Gari likiwa na mzigo limetulia jamani. Nilisahau. Miaka miwili nilikuwa nadhani ni springi zimekufa, au uzee wangu, kumbe ni utupu tu uliokuwa unanirusha.

Changarawe nzuri. Penye udongo mwekundu kulikuwa na manyunyu, lori la magunia limelala ubavu mtaroni, dereva wake amekaa juu ya tairi anakula muhindi. Mimi nimepita gia ya pili, polepole, usukani nimeuachia ucheze kidogo. Matairi yakajisafisha yenyewe, madonge yakirukia kwenye mlango. Nikapiga kelele ya furaha. Peke yangu! Kwa hiyo nikaimba pia, maana nani atanikataza.

Kisha nikaanza kujiandalia maneno. Nati, nimekuja. Hapana. Nati, nilikudanganya. Analijua. Nati, pampu iko wapi? Hilo nililipenda, kisha nikajidharau. Kilomita mia na zaidi, sijapata sentensi moja ya kumwambia mtoto niliyemzaa.

Saa nane mchana, mtoni. Maji yamevuka alama ya futi mbili kwenye nguzo ya saruji, rangi ya chai ya maziwa, yanavuta matawi mazima. Hakupitiki. Mtandao hakuna. Nimeegesha juu, mbali na ukingo. Mvua ya milimani ikisimama, kesho yatashuka.

Shule naiona. Paa la bati, bendera, ng'ambo kule juu ya kilima. Karibu hivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Yameshuka. Saa moja asubuhi alama ya futi mbili iko nje, maji yamebaki futi moja na nusu. Kwa gari hili ni kimo cha rimu, labda zaidi kidogo katikati. Matairi yanaweza, injini inaweza, na uzito huu mto hauwezi kuuchezea. Kimo si tatizo.

Tatizo ni chini. Pale kuna sakafu ya mawe waliyoijenga, upana wa gari na shubiri mbili, na maji ya jana yanaweza kuwa yameimega. Huoni kitu. Kazi ya maji tuliifanya hivi miaka yote: mmoja anatangulia kwa miguu na fimbo, anapima, anasimama mahali salama, gari linafuata nyayo zake. Mimi usukani, Nati majini. Hatukuwahi kuvuka mto wowote bila hivyo, hata wa kufika kwenye kifundo.

Nimekaa hapa tangu asubuhi, nimewasha mara mbili, nimezima mara mbili. Niingie mwenyewe kupima, kisha nirudi niendeshe? Niliingia. Hatua sita, maji yakanivuta goti lile bovu, nikarudi kwa kutambaa. Mwanamke wa miaka hamsini na saba, ana matairi bora kuliko yote wilayani, hana wa kutembea mbele yake.

Kwa hiyo siyo matairi. Wala siku ile hayakuwa matairi. Wote walioniita ng'ambo ya maji miaka hii miwili niliwajibu hivyo hivyo, na mwishowe nikaamini mwenyewe.

Saa tatu. Watoto wenye ndoo wameteremka ng'ambo kuteka maji. Wameliona gari. Wameacha ndoo wakakimbia kilimani wakipiga kelele.

Saa tatu na nusu. Mkwe anashuka, shati jeupe, watoto nyuma yake. Amenipungia mkono. Nimempungia.

Na yule nyuma yake ni yeye.

Amevaa ovaroli ya bluu. Amenenepa kidogo, au ni ovaroli. Amesimama ukingoni, mikono kiunoni, ananitazama. Hakupunga. Nami mkono umenigomea. Maji yanapiga kelele, hata nikiita hatasikia, na ningeita nini? Tumetazamana hivyo hadi watoto wamechoka wakaanza kurushiana mawe.

Mkwe anamwambia kitu. Nati anatikisa kichwa. Mkwe anaanza kuvua viatu yeye, anakunja suruali, anaokota fimbo. Hapana mwanangu, wewe hujui maji! Nati amemshika mkono, amemrudisha nyuma. Amemnyang'anya fimbo.

Anakunja miguu ya ovaroli. Anaingia.

Anaingia ubavu ubavu, uso kule maji yanakotoka, fimbo kwanza, mguu baadaye. Sawasawa. Maji yako kwenye magoti yake. Hanitazami mimi, anatazama chini, anapima kulia, anapima kushoto, anasogea. Hakuna mtu majini isipokuwa yeye.

Amefika penye kimo. Amesimama. Amechoma fimbo mahali pale pale mara ya pili, mara ya tatu, kama kuna kitu. Ameinua kichwa, ananitazama mimi.

Nimewasha gari. Nimezima tena — asije akadhani namharakisha.